Mtu Hafungwi Kama Gunia la Alizeti

Wadogo zangu, kabla hamjagusa drili, ingieni ndani ya gari mkae kwenye kiti. Kaeni kama atakavyokaa mwenye gari, miguu kwenye pedeli, mikono kwenye usukani. Kisha jiulizeni: gari likigonga kitu sasa hivi, mwili wangu unakwenda wapi? Msijibu haraka. Mimi nilikuwa na shahada ya uhandisi na nilijibu haraka, na jibu langu lingeweza kumvunja mtu mgongo.

Najua mnacheka nikijiita mstaafu. Nina miaka thelathini na minane, na shangazi zangu bado wananiita binti. Lakini mgongo wangu umestaafu, nami nimelazimika kuufuata. Kwa miaka kumi na miwili nimelala chali chini ya dashibodi, shingo imepinda, tochi mdomoni. Daktari alipotazama picha ya uti wangu aliniuliza kama nilikuwa mbeba mizigo. Nilimwambia hapana, wa mizigo ni baba yangu. Sikumwambia kwamba kosa langu kubwa kazini lilianzia hapo hapo, kwenye mizigo ya baba.

Kazi yetu mnaijua: kufunga mikanda ya mbio kwenye magari ya kawaida. Gari linampeleka mtu kazini Jumatatu, linabeba mahindi Jumamosi, na mara chache kwa mwaka linashindana kwenye barabara ya vumbi. Mkanda wa kiwandani unapita begani mara moja na kiunoni mara moja. Seti ya mbio ina mikanda sita: miwili ya mabega, miwili ya nyonga, miwili inayopita katikati ya mapaja. Yote inakutana kwenye kifungo kimoja tumboni, ukikizungusha yote inaachia. Mteja wetu mmoja wa Manyoni alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Hii ni ya dereva au ya mfungwa?"

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Petro. Alikuwa fundi wa mabehewa kule Itigi kwa miaka mingi, halafu akahamia Singida mjini akafungua hii gereji yenye mlango wa bati jekundu. Nilifika kwake na bahasha mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Vyeti vyangu. Nimesoma uhandisi wa mitambo."

"Pole. Keti hapo, tutakutibu taratibu."

Nikaketi. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshamuuliza kwa nini anatumia bolti hii na si ile, kwa nini anatoboa tundu dogo kabla ya kubwa, kwa nini ananawa mikono kwa majivu wakati sabuni ipo. Wiki ya pili jina langu likafa, nikawa Kwanini. Watu wakipiga simu wanauliza, "Kwanini yupo?" na mgeni akipokea anajibu, "Kwa nini nani yupo?" Tulipoteza wateja wawili hivyo.

Sikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa mwanafunzi mwenye shaka, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Mzee alikuwa na nyundo ndogo ya relini. Aligonga bolti, akasikiliza, akasema hii imekaza, hii bado. Mimi nikaona ni maigizo ya wazee. Siku moja alipokwenda kunywa chai nililegeza bolti tatu kati ya kumi na mbili za fremu iliyokuwa sakafuni, na aliporudi nikamwomba azipime. Akagonga moja moja macho yamefumba. Akazitaja zile tatu. Halafu akataja ya nne.

"Hiyo sijaigusa," nikaropoka.

"Ahaa. Kwa hiyo zile tatu umezigusa."

Tulipoifungua ile ya nne tukakuta ufa mwembamba kama unywele, chini ya kichwa chake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mzee hakunikaripia. Aliniwekea bolti ile kwenye kiganja akasema, "Endelea kunipima. Ila siku nyingine nidanganye vizuri." Namshukuru kwa hilo kuliko kwa mengi aliyonifundisha kwa makusudi. Mtu mwingine angenifukuza, nami ningeondoka nikiamini kwamba kuuliza ni kosa.

Nanyi gongeni. Lakini mkishagonga, tumieni spana ya kupimia mkazo, maana masikio yenu bado ni machanga.

Jambo jingine, tazameni chini ya gari kabla ya kutoboa kutoka juu. Mwaka wangu wa kwanza nilitoboa sakafu ya gari la mwalimu mmoja wa sekondari bila kuinama kuangalia. Drili ikazama vizuri, halafu harufu ya petroli ikapanda. Nilikuwa nimetoboa bomba la mafuta. Mzee Petro alikuja bila kukimbia, akachomoa waya wa umeme ukutani, akaweka ndoo chini, akatuambia wote tutoke nje. Tukiwa kule nje akanipa mkono.

"Hongera, Kwanini. Umepata kisima."

Mpaka leo mwalimu yule akiniona anauliza kama kisima kimekauka.

Na bati. Msiliamini bati la sakafu. Ukilitazama limepakwa rangi, lina mikunjo, linaonekana gumu. Sikuamini Mzee aliponiambia ni laini, kwa hiyo akaniruhusu kujaribu kwenye gari bovu lililokuwa uani. Nilifunga bolti nene na washa ndogo, ile pete ya bati inayokaa chini ya nati, nikaivuta kwa winchi ya mnyororo. Bolti haikukatika. Ilichomoka na bati lake kama kifungo kinavyochomoka na kipande cha shati. Kisha tukaweka bamba la chuma chini ya sakafu, pana kuliko kiganja changu, pembe zake zimeviringishwa ili zisikate bati. Nikavuta mpaka gari lenyewe likasogea. Bolti ngumu ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kitu inachokishika. Na bolti yenyewe iwe ile yenye alama ya ugumu kichwani, si ile ya kitanda.

Mikanda pia haiungwi kwa kushona. Kijana mmoja wa Ikungi alituletea seti fupi aliyoirefusha kwa mkanda wa kufungia mizigo ya lori, kashonewa na fundi viatu. Alikuwa na fahari nayo. "Uzi wa buti huo, dada, haukatiki!" Mzee akachukua mkasi mkubwa akaukata mbele yake, akampa pole, kisha akavitumia vile vipande kufungia mbuzi wake. Kijana alinuna. Wiki mbili baadaye akarudi na seti nyingine, nzima, akauliza kama mbuzi hawajambo. Mkanda uliokatika, uliokaukia juani ukawa mgumu, au uliowahi kumshika mtu kwenye ajali, umemaliza kazi yake. Mpeni mbuzi.

Sasa niwaeleze lile la mgongo.

Mimi ni mtoto wa Shelui. Baba yangu alikuwa mfungaji wa mizigo kwenye malori yanayosimama pale kabla ya kuendelea Nzega. Alikuwa anapanda juu ya magunia ya alizeti, anarusha kamba upande wa pili, mwenzake anaipitisha kwenye ndoano iliyo chini ya bodi. Halafu kelele moja, "Kaza chini!" Wanaume wanne wananing'inia kwenye kamba mpaka magunia yanatoa sauti kama yanakoroma. Nilijua kusema kaza chini kabla sijajua kusoma. Watoto wa majirani walicheza mama na baba, sisi tulicheza kaza chini. Mzigo mzuri ni ule uliokandamizwa, na baba alijisifu kwamba hakuna gunia lake lililowahi kuanguka njiani.

Kila nilichofundishwa chuoni nilikihoji, na kila nilichofundishwa gerejini pia. Hilo la baba sikulihoji hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Nilikua nalo tu, kama nilivyokua na kidole.

Mteja alikuwa Mwajuma, mpima wa maabara kule Kiomboi, mwanamke wa maneno mengi na breki chache. Gari lake dogo lilikuwa na madoa ya rangi ya kuzuia kutu, tukaliita Chui. Siku za kazi Chui lilimpeleka maabara, na siku za soko lilimbeba mama yake. Mwajuma alikuwa anapenda mbio ndogo za barabara ya vumbi kuliko anavyopenda kula. Mwaka uliotangulia wasimamizi walikuwa wamemkatalia kuanza kwa sababu hana mikanda ya mbio, akasimama pembeni akila vumbi la wenzake. Sasa alikuwa ameipata mikanda, na mbio zilikuwa Jumapili.

Mzee Petro hakuwepo. Alikuwa amekwenda Itigi kurina asali kwenye mizinga yake. Gereji ilikuwa yangu, nami nilitaka arudi akute kazi imekamilika bila yeye.

Nilitoboa vizuri, nimeinama na kutazama chini kwanza. Nikaweka bamba pana. Nikaweka bolti zenye alama. Mikanda ya nyonga nikaishusha ilale kwenye mifupa, si tumboni. Mkanda wa kiwandani niliuacha mahali pake, maana Mzee alikuwa ametukataza kuuondoa. Kisha nikaichukua mikanda ya mabega, nikaipitisha juu ya mgongo wa kiti, nikaishusha wima mpaka sakafuni nyuma ya kiti, nikaifunga pale. Nakumbuka nilisema kwa sauti, peke yangu, "Kaza chini." Nikakaza.

Mwajuma akakaa, nikambana. Akajaribu kusogea, wapi.

"Fundi, hapa hata nikiitwa mbinguni siendi!"

Tukacheka sana. Akaondoka na Chui lake siku ya Alhamisi.

Jumamosi asubuhi Mzee akarudi na ndoo ya asali na jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyuki. Sikumpa hata nafasi ya kunawa. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazitazama kwa jicho moja, muda mrefu.

"Mabega yanavutwa kuelekea wapi?"

"Nimeweka bamba pana, mzee, na bolti zote nimezigonga."

"Bamba nimeliona. Nimeuliza mabega."

"Chini. Sakafuni."

"Kwa nini?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza swali langu mwenyewe. Nikafungua mdomo. Kitu pekee kilichotoka ni hiki:

"Si ndivyo mzigo unavyofungwa?"

"Gunia la alizeti lina uti wa mgongo?"

Akanikalisha kwenye kiti kibovu kilichokuwa pembeni, akapitisha kamba juu ya mabega yangu, akaishusha wima nyuma ya kiti na kuifunga kwenye ndoano ya sakafuni. "Inama mbele kama umegonga." Nikainama kwa nguvu. Kifua kilitaka kwenda mbele, lakini kamba haikunizuia kwenda mbele, ilinisukuma chini. Nilisikia mabega yanasogelea makalio, na katikati yake kulikuwa na mgongo wangu. Kisha akaifungua, akaivuta moja kwa moja nyuma, usawa wa mabega, akaifunga kwenye meza ya kazi. "Inama." Nikainama. Safari hii nilishikwa tu, kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma asivuke barabara.

Nguvu inafuata mstari wa kamba. Nilifanya mtihani wa jambo hilo chuoni na nikafaulu. Kwenye karatasi nililijua, kwenye mikono nikafunga gunia.

Nikampigia Mwajuma. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Sasa niwaambie ukweli wa kichwa changu, maana nanyi mnacho. Nilianza kutafuta mlango wa kutokea. Nikajiambia mbio zile ni ndogo, mwendo si mkubwa, wangapi wamegonga kwa miaka hii yote? Na mkaguzi wao ataangalia kama mikanda ipo, hataangalia imefungwa wapi. Nikaanza hata kukadiria uwezekano kwenye kisanduku cha spea, kwa kalamu. Shaka yangu, ambayo nilikuwa najivunia, ikageuka ikaanza kunitetea mimi.

Mzee alikuwa ananawa uso. Akasema bila kugeuka, "Hesabu nzuri hiyo. Kamfanyie yeye, maana ndiye atakayekaa kwenye kiti."

Nikachukua spana zangu nikapanda basi la Kiomboi.

Nilimkuta Mwajuma uani anaosha Chui. Mama yake alikuwa barazani anapepeta mtama. Nikamwamkia mama, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani Shelui, za baba, za mvua, nami nikazijibu zote, spana zingali mkononi. Mwajuma akatupa kitambaa kwenye ndoo.

"Kwanini, umekuja kunipigia makofi mapema? Mbio ni kesho."

"Dada Mwaju, nimekosea. Mikanda ya mabega nimeifunga vibaya. Ukigonga, itakukandamiza mgongo."

"Umenifunga wewe mwenyewe! Umeniambia hata trekta haling'oi!"

"Haling'oi kweli. Ndiyo ubaya wake."

"Basi rekebisha, kesho ni kesho."

"Haiwezekani kwa leo. Inahitaji bomba la chuma nyuma ya kiti, usawa wa mabega, limeshikwa kwenye mwili wa gari. Ni kazi ya siku kadhaa."

Akakiokota kitambaa kwenye ndoo, akakikamua mpaka tone la mwisho. Kisha akauliza polepole, "Mkaguzi atanipitisha nikienda hivi?"

Ningeweza kudanganya. "Atakupitisha. Anaangalia kama ipo tu."

"Na una uhakika nitaumia?"

"Sina."

"Sasa unaninyima nini? Mwaka mzima nangoja! Umesoma wewe, nipe uhakika."

"Sina, dada."

Mama yake akaweka ungo chini. "Binti wa Shelui," akasema, "na una uhakika hataumia?"

"Sina, mama."

Mama akainuka, akaja mpaka kwenye gari, akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha mikanda inavyopanda na kushuka nyuma ya kiti. Akaitazama, akamwambia mwanawe maneno fulani kwa Kinyiramba, nami nikayaelewa kwa kuwa ni lugha ya nyumbani kwetu. Alimwambia: hata mbeleko hufungi hivi. Akaingia ndani, akatoka na mto na kitenge, akauweka mto mgongoni kama mtoto. Akatueleza kwa Kiswahili, kwa ajili yangu mimi msomi, kana kwamba lugha ya nyumbani nimeisahau. Mtoto unamshika matakoni kwanza, pale ndipo panapobeba. Halafu unapandisha kitambaa mgongoni kwake kimlaze kwako, asianguke nyuma. Ukianza kumvuta mabega chini atalia, na akinyamaza ni vibaya zaidi.

Mwajuma akaubonyeza ule mto kwa kidole. Kisha akanigeukia na hasira yake yote ikiwa bado ipo mahali pake.

"Leta spana."

Tulifungua wote wawili, yeye akikaza meno. Katikati ya kazi akaniambia kitu kingine. Alhamisi ile alitoka Singida mpaka Kiomboi amejibana na mikanda ya mbio, kwa furaha tu. Kwenye njia panda alishindwa kuinama mbele kutazama upande, akaikosa bodaboda kwa ukucha. Wadogo zangu, sikuwa nimemwambia. Mikanda ya mbio inakugandisha kwenye kiti, na ni ya mahali ambapo umevaa helmeti na hakuna anayekatiza mbele yako. Barabarani vaa mkanda wa kiwandani. Ndiyo maana Mzee alikataza tusiuondoe. Mwambieni kila mteja hilo kabla hajawasha gari, hata kama anajifanya anajua.

Jumapili Mwajuma alisimama kwenye kona akiwashikia wenzake bendera ya tahadhari, akala vumbi kwa mwaka wa pili. Hakunipigia simu. Wiki iliyofuata Chui likaingia kwenye mlango mwekundu.

"Nimekuja," akasema. "Ila safari hii mzee awepo."

Mzee alikuwepo. Tulichukua siku sita. Tulipinda bomba la chuma likafuata dari na nguzo za gari nyuma ya viti, tukalikalisha kwenye mabamba, tukapitisha katikati bomba jingine la kulala, usawa wa mabega ya Mwajuma. Siyo mabega yangu wala ya Mzee, ya Mwajuma, akiwa amekaa. Gari likipinduka na dari likakunjika, bomba linasimama. Mtu aliyebanwa wima chini ya dari tupu hana pa kuinamia, kwa hiyo msifunge mikanda ya mbio kwenye gari lisilo na bomba hilo, hata mteja akilia. Mikanda ya mabega ikarudi nyuma karibu sawa, ikishuka kidogo tu. Mzee alisema isishuke zaidi ya pembe ya nyuzi ishirini, na mimi nikapima kwa simu, naye akacheka kwamba simu imejifunza kazi yake. Bomba tukalivika sponji ngumu, kwa sababu barabarani watu hawana helmeti na kichwa hakijui kama hizi ni mbio au safari ya sokoni. Kiti tukabadilisha, tukaweka chenye matundu ya kupitishia mikanda yote, pamoja na ile ya katikati ya mapaja. Bila hiyo mtu anateleza chini, na mkanda wa nyonga unapanda tumboni kwenye nyama laini.

Siku ya kujaribu, Mwajuma alikuja na mama yake. Mama ndiye aliyetoa amri. "Nyonga kwanza. Kaza. Sasa mabega." Mpaka leo hivyo ndivyo tunavyowafundisha wateja kujifunga, na tunakuita kujifunga kimbeleko. Msiache neno hilo life. Mteja hasahau.

Yale matundu mawili niliyotoboa sakafuni kwa mikanda ya mabega nilitaka kuyachomelea yafutike. Mzee akakataa. Akayaziba kwa raba nyeusi, akapaka dawa ya kutu pembeni, akarudisha zulia. "Yaache," akasema. "Gari halina neno nayo."

Mwisho wa mwezi nikaenda Shelui. Nikamsimulia baba yote, nikitarajia labda ataona aibu kidogo, tugawane. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi nilikuwa nafunga alizeti, mwanangu. Nani alikwambia nafunga watu?"

"Lakini baba, kila mzigo ulikuwa kaza chini."

"Kila mzigo? Na matenga ya kuku? Uliwahi kuniona nakaza chini tenga la kuku?"

Singida nzima inajua matenga ya kuku yanavyosafiri. Nimeyaona maisha yangu yote. Baba aliyafunga kwa kuyazungushia kamba ubavuni, tenga kwa tenga, yasiyumbe mbele wala nyuma, na juu yake hakuweka kitu. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika ncha ya kamba, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mimi, Kwanini.

"Kenye pumzi kanazuiwa," baba akasema, "hakabanwi." Kisha akanituma maji.

Mwaka uliofuata Mwajuma alishindana. Alikuwa wa nne kutoka mwisho, na akatusimulia kama vile amekuwa wa kwanza. Ameshindana mara nyingi tangu hapo. Hajawahi kugonga, hajawahi kupinduka. Chui limezeeka, mama yake bado anakwenda nalo sokoni na mkanda wa kiwandani kifuani, na bomba letu halijawahi kuombwa kufanya kazi yake hata siku moja.

Kwa hiyo sijui. Mimi ninayetaka jibu la kila kitu, sijui kama Jumapili ile Mwajuma angeumia. Pengine angemaliza mbio salama, angenipigia simu akitamba, nami ningeendelea kuwafunga watu kama magunia mpaka mmoja wao asiinuke. Pengine kona ya kwanza tu. Nimeuliza maswali mengi maishani, na hili ndilo la pekee ninalomshukuru Mungu kwa kutonijibu.

Mzee Petro sasa anaishi Itigi na nyuki wake. Nyundo aliniachia mimi, nami nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango mwekundu. Ni yenu. Mkinipima kwa haya niliyoyaandika, nipimeni vizuri.

Na siku Chui likiletwa kwa matengenezo, kabla ya yote inueni zulia nyuma ya kiti cha dereva. Mtakuta raba mbili nyeusi. Mimi kila lilipokuja niliziinamia, mgongo ukiuma, nikazigusa moja moja kwa kidole, ndipo nikachukua spana.